Kutoka Kinamasi cha Saiwa hadi Uga wa Mjomba

Nzohe akishtuka hakimbilii nchi kavu kama swala wengine. Hujitosa majini katikati ya mafunjo, akazama taratibu hadi pua tu ibaki juu, akatulia hapo mpaka hatari ipite. Kwato zake ni ndefu na zimetanuka, zimeumbwa kwa ajili ya matope ambayo yangemmeza mnyama mwingine yeyote wa uzito wake. Kwenye ardhi ngumu hutembea kwa kusitasita, lakini kinamasini humpati kwa mbio. Kinachomponza ni mazoea. Kila siku hupita vijia vile vile alivyovifungua mwenyewe kwenye matete, na anayevijua vijia hivyo hana haja ya kumfukuza. Hutega kitanzi, akarudi kwake kulala.

Mbuga ya Taifa ya Saiwa iko takriban kilomita 22 kutoka mjini Kitale, pembeni mwa barabara ya Kapenguria. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe hasa, na eneo lake halifiki hata kilomita 3 za mraba. Ndiyo mbuga ndogo kuliko zote nchini Kenya. Ukipanda mnara wa mbao alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia kinamasi, unaona mipaka yake yote kwa kugeuza shingo tu: huku mafunjo, kule mahindi, ng'ombe wa maziwa, mabati ya nyumba za watu na moshi wa chai ya asubuhi. Mnyama aliyebaki na makao madogo kiasi hicho hawezi kuwa kitoweo cha mtu yeyote. Nalisema hili mapema kwa sababu sura hii inahusu nyama ya mwitu, na sitaki msomaji afike mwisho akidhani namhimiza achukue upinde.

Kwingineko mambo ni tofauti. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtu hulipia kibali, akangoja msimu, akampiga kulungu mmoja wa kule, akamchuna nyuma ya nyumba na kujaza friza kwa ajili ya majira ya baridi. Kulungu wao wa mkia mweupe walikuwa karibu kwisha mwanzoni mwa karne ya 20, lakini leo wanakadiriwa kufika milioni 30. Wanakula bustani za watu na kugongwa na magari barabarani. Kuwawinda huko ni njia mojawapo ya kuwapunguza. Huku kwetu, katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, hesabu ni nyingine kabisa. Wanyama walipungua, watu wakaongezeka, na ardhi iliyokuwa ya malisho ikageuka mashamba ya mahindi yanayolisha sehemu kubwa ya nchi. Lakini ile kazi ya kugeuza mnyama kuwa chakula kwa mikono ya watu wa nyumbani, bila mashine wala karatasi za plastiki, ingali hai huku. Imehama tu, kutoka kwa kulungu hadi kwa fahali.

Zamani Mlima Elgon na mabonde yake yalikuwa ghala la nyama. Waogiek wa Chepkitale, wanaoishi kwenye nyika za juu za mlima upande wa Bungoma, walitegemea asali, mifugo na nyama ya msituni: funo, kulungu, nyati, hata perere. Mishale yao ilipakwa sumu ya msungu, mti ambao wawindaji wa Afrika Mashariki wameutumia kwa vizazi vingi. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud aliitenga dawa iliyomo ndani yake, na ikaitwa wabaini, jina lililotokana na Kisomali. Ikiingia kwenye damu, wabaini husimamisha moyo. Ikipitia tumboni, mwili hufyonza kiasi kidogo sana. Ndiyo sababu mwindaji aliikata nyama iliyozunguka jeraha akaitupa, na familia ikala iliyobaki bila kudhurika. Wazee hawakusoma kemia, lakini walijua ni vidole vingapi vya nyama vya kukata kuzunguka tundu la mshale. Iliyozidi ilikaushwa, na nyingine ikahifadhiwa pamoja na asali.

Chini ya mlima, Wabukusu walikuwa wafugaji na wakulima kwanza. Uwindaji kwao ulikuwa kazi ya kundi, ya mbwa na mikuki, na haukuwa wa kila siku. Kila ukoo ulikuwa na mwiko wake, kumusilo, na wapo waliompita mnyama mzima aliyelala mbele yao kwa sababu babu zao walikataa kumla. Katika jamii nyingi za eneo hili aliyeua hakuwa na mnyama peke yake. Aliyechoma mkuki wa kwanza alikuwa na fungu lake, na wazee waliobaki nyumbani wakiota jua walikuwa na lao pia. Mtu aliyejificha akala peke yake alisemwa mpaka watoto wake wakaona haya.

Kisha zikaja leseni. Serikali ya kikoloni iliamua ni nani mwindaji na ni nani jangili, na tofauti ilikuwa karatasi. Mgeni aliyetoka ng'ambo alilipa pauni 50 akapewa orodha ndefu ya wanyama anaoruhusiwa kuua. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alifika mpaka uwanda wa Uasin Gishu katika safari ambayo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Makaburu walioingia uwanda huo huo kwa magari ya kukokotwa na maksai mwaka 1908 waliishi miaka ya kwanza kwa nyama ya kongoni na pundamilia, wakiikata vipande virefu, wakaipaka chumvi na kuianika kwenye upepo. Wakati huo huo mwanakijiji aliyekamatwa na paja la swala alihesabiwa mwizi. Uchungu huo haujaisha. Ukimsikiliza mzee wa Elgon akisema kwamba wanyama ni wa serikali, anataja jambo alilolirithi pamoja na jina lake.

Uhuru haukurudisha upinde. Mei 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote, na mwaka uliofuata ikafunga pia biashara ya ngozi, pembe na nyara nyingine. Shirika la Wanyamapori, KWS, lilianzishwa mwaka 1989. Katika miaka ya 1990 serikali ilijaribu mpango wa kuvuna wanyama wachache kwenye mashamba ya watu binafsi ili wenye ardhi wapate faida, nao ukafungwa mwaka 2003. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikaweka adhabu. Ilipopitishwa, ilimtoza anayewinda kwa ajili ya kula tu faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi 6. Kwa anayefanya biashara ya nyama ya mwitu, au aliyepatikana nayo mkononi, ilikuwa faini isiyopungua shilingi 200,000 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Sufuria moja ya mchuzi inaweza kula mshahara wa mwaka.

Je, marufuku yamewaokoa wanyama? Mwaka 2016 mtafiti Joseph Ogutu na wenzake walichapisha hesabu za wanyama kutoka ndegeni katika maeneo ya malisho ya Kenya tangu 1977, mwaka ule ule wa marufuku, na kukuta idadi yao imeshuka kwa wastani wa asilimia 68. Risasi zilinyamaza, lakini ua, jembe na nyaya za mitego zikaendelea na kazi. Kwa hiyo siamini kwamba sheria peke yake inatosha. Wala siamini kwamba kuiondoa kungemsaidia yeyote huku Kitale. Nzohe wa Saiwa hawana pa kukimbilia.

Penye utata wa kweli ni mlimani. Mwaka 2000 nyika za Chepkitale zilitangazwa hifadhi ya taifa, na Waogiek waliokuwa wakiishi humo wakajikuta wavamizi nyumbani kwao. Walifungua kesi. Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma iliamua kwamba ardhi ile ni yao. Watu wengi waliposikia hukumu hiyo waliuliza kama sasa Waogiek wataanza kuwinda tena. Swali hilo linawakosea. Wengi wao leo ni wafugaji na warina asali, na jumuiya yao imeandika kanuni zake zinazokataza kuua tembo na kuchoma makaa. Walichopigania kwa miaka hiyo yote ni ardhi na mamlaka ya kuitunza. Mtu anayelala jirani na kulungu kila usiku, anayejua anazaa lini na anakunywa wapi, ni mlinzi bora kuliko doria inayopita mara moja kwa juma. Natamani wanaopanga mambo ya hifadhi wangelisikia hilo kutoka Chepkitale moja kwa moja.

Mtu wa mjini akisikia nyama ya mwitu humwazia mwindaji shupavu na upinde wake. Ukweli wa siku hizi ni kitanzi cha waya na gunia. Kitanzi hakichagui. Hukamata jike mwenye mimba, hukamata mtoto, hukamata hata mbwa wa jirani. Mnyama hupigana na waya usiku kucha, na hapo nyama yake huharibika kabla kisu hakijamgusa. Misuli ya mnyama mtulivu ina akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Akichinjwa kwa utulivu, akiba hiyo hugeuka asidi ya laktiki baada ya kifo, na asidi hiyo huifanya nyama iwe nyekundu ya kupendeza na kuzuia bakteria wasiongezeke upesi. Mnyama aliyehangaika mpaka akachoka amekwisha kuitumia akiba yote. Nyama yake hubaki nyeusi, kavu, inanata kwenye vidole, na huoza mapema. Ongeza saa alizolala mfu juani, ongeza gunia lililobeba makaa wiki iliyopita, na hapo ndipo kile kinachouzwa kwa kunong'onezana kando ya barabara kinapotoka.

Mwaka 2004 shirika la Born Free lilipima nyama kutoka bucha za Nairobi na kukuta karibu robo ya sampuli ni nyama ya mwitu, huku wateja wakidhani wananunua ng'ombe au mbuzi. Nyama hiyo haikupita mbele ya mkaguzi. Hakuna aliyejua kama mnyama alikuwa na kimeta, na kimeta hakihurumii: damu hutoka puani na nyuma, haigandi, na anayempasua mzoga ule hujiambukiza mwenyewe na kuieneza mbegu ya ugonjwa ardhini kwa miaka mingi. Mnyama uliyemkuta amekufa bila sababu inayoonekana haguswi, awe swala au ng'ombe wako mwenyewe. Piga simu kwa afisa wa mifugo.

Sasa twende Bungoma, Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, wakati Wabukusu wanapotahiri. Siku moja kabla ya kisu cha ngariba, mvulana huenda kwa khocha, kaka wa mama yake, akipiga kengele zake njia nzima. Mjomba humchinjia fahali uani kwake. Ni katika nyua kama hizo, huko Chwele, Kimilili na Webuye, ndipo nilipojifunza jinsi mnyama mkubwa anavyofunguliwa bila meza, bila ndoano na bila msumeno.

Kazi huanza kwa majani ya migomba. Hukatwa mabichi, yakatandazwa matabaka mawili matatu, upande laini juu, na nyama haigusi udongo tangu mwanzo hadi mwisho. Fahali akishachinjwa na damu kumtoka yote, hulazwa chali na kuegemezwa mawe mbavuni ili asipinduke. Mchunaji mzuri huwa na visu viwili: kimoja chenye ncha cha kufungulia, kingine butu kidogo mbele cha kuchunia, na kinoo karibu na goti. Hupasua mstari mmoja kutoka kidevuni hadi mkiani, kisha mistari minne ndani ya miguu. Baada ya hapo kisu karibu hakitumiki. Niliwahi kumwona kijana akikazana kukata ngozi ubavuni, na mzee aliyekuwa akisimamia akamshika mkono.

"Mjukuu, acha kisu. Sukuma na ngumi."

Kijana akakunja ngumi, akaipenyeza kati ya ngozi na mnofu, akasukuma kwa viungo vya vidole. Ngozi ikaachia kwa mlio wa kukwanyuka, nyeupe kabisa chini, bila tundu wala kipande cha nyama kilichobaki juu yake. Ngozi iliyotobolewa haiwambi ngoma na haina bei kwa mnunuzi, na nyama iliyokwanguliwa kwa kisu hukauka haraka.

Hatua ya pili ndiyo inayoharibu karamu isipofanywa kwa makini. Kabla ya kufungua tumbo, umio hufungwa kwa kamba ya mgomba huku juu, na utumbo wa nyuma hufungwa vile vile, ili kilichomo kisimwagike. Kisha tumbo hufunguliwa kwa vidole viwili vilivyoingizwa ndani, makali ya kisu yakielekea nje, vidole vikilinda utumbo njia nzima. Kibofu hutolewa kikiwa kimebanwa mdomo. Nyongo hukatwa pamoja na kipande kidogo cha ini ili isipasuke, maana tone lake moja likidondokea sarara, uchungu hautoki hata ukichemsha mpaka usiku. Wanaotumia nyongo kwenye mapishi yao huiweka kando kwenye bakuli.

Mahali hapa wazee husogea. Utumbo ukiwa umetandazwa wanautazama, wanafuata mishipa na madoa, wanasema wanachokiona kuhusu boma na kuhusu mvulana. Afisa wa mifugo naye, kama ameitwa, huinama juu ya tumbo lile lile. Hukata ini kwenye mirija yake kutafuta minyoo bapa inayotokana na malisho ya majimaji, tatizo la kawaida kwa ng'ombe wanaokunywa mitoni. Huyabonyeza mapafu kutafuta vifuko vya maji. Hukata misuli ya shavu na moyo kutafuta vijifuko vya tegu, vyeupe, vidogo kama punje ya mchele, na hupasua tezi kuona kama kuna usaha wa kifua kikuu. Ini likiwa na minyoo hutupwa, mengine huliwa. Vijifuko vya tegu vikiwa vingi, mzoga mzima unaweza kukataliwa. Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba mkaguzi anawaharibia sherehe. Tangu ugatuzi, vichinjio na udhibiti wa magonjwa ya mifugo viko chini ya kaunti, na afisa wa wadi anafikika kwa simu. Kumwita siku moja kabla ni sehemu ya kuandaa karamu sawa na kununua unga. Mgeni aliyekuja kumbariki mtoto hastahili kurudi kwake na tegu.

Nyama ya fahali husamehe makosa ambayo nyama ya swala haisamehi, kwa sababu fahali ana mafuta. Wazee waliowahi kula kulungu kabla ya 1977 wanakumbuka kwamba alikuwa mkavu akichomwa, na kwamba mama zao walimpika taratibu kwa samli au kwa mtindi ili asigeuke kamba. Ujuzi huo bado unafaa kwa mbuzi mzee na kwa sungura wa kufugwa. Vivyo hivyo kwa kware na kanga, ambao kisheria unaweza kuwafuga na kuwala ukipata kibali cha KWS. Anayetamani ladha ya porini aanze hapo. Au angoje mvua, kumbikumbi, chiswa kwa Kibukusu, watoke kwenye vichuguu vya Bungoma: nyama ya mwitu ambayo hakuna askari atakayekuuliza habari yake.

Nyama ya kuhifadhi hukatwa kufuata nyuzi zake, vipande virefu vyembamba kama kidole, hupakwa chumvi na kuning'inizwa juu ya meko, moshi ukifanya kazi polepole kwa siku kadhaa. Nyama ya kupikwa bila kukaushwa nayo inahitaji subira. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na anayepika wakati huo hutafuna kwa taabu. Ikining'inia usiku mmoja mahali penye ubaridi huanza kulainika. Kitale, iliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ina usiku wa Agosti unaofaa kabisa kwa kazi hiyo. Bungoma iko chini zaidi na ina joto, kwa hiyo huko nyama haitundikwi ndani ya nyumba iliyofungwa bali chini ya paa lililo wazi pande zote, ikifunikwa kwa shuka dhidi ya nzi.

Kabla ya jua kuzama mjomba hukata luliki, ukanda wa nyama, akamvisha mpwa wake shingoni. Mvulana huanza safari ya kurudi kwa baba yake akiimbiwa na kundi zima. Ukanda huo unatangaza kwa kila wanayepishana naye kwamba upande wa mama umemtambua na umetoa chake, na mvulana aliyerudi bila huo huulizwa maswali mazito.

Nyuma yake ugawaji huanza. Matumbo na maini hupikwa jioni hiyo hiyo kwa sababu hayangoji. Mapaja na mabega husubiri kesho. Shangazi wana fungu lao, jirani aliyetoa kamba na aliyeleta kuni wana lao, mchunaji huondoka na fungu lake limefungwa kwenye jani la mgomba, na anayegawa, akijua kwamba kesho watu watakuwa wengi kuliko nyama, huanza kukata vipande vidogo tangu paja la kwanza.